Picha Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Kabla sijasema lolote, naomba tutambue waliopo. Wewe msomaji nimekutambua. Aliyekaa ubavuni mwako anayechungulia bila ruhusa, naye nimemtambua. Wapo na wengine ambao muda hautoshi kuwataja, na hao, kama ilivyo desturi, ndio wengi. Itifaki imezingatiwa, tuendelee.

Mimi ni mshereheshaji wa serikali. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwatangazia wananchi waliokaa juani tangu asubuhi kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Ni kazi ya heshima, ina mwavuli wake na maji ya chupa. Nimeifanya hadi nywele zimeota mvi, na sijawahi kukosa la kusema, isipokuwa mara moja ambayo nitaieleza zamu yake ikifika.

Nchi yetu ni nzuri sana. Mtaniwia radhi nisipoitaja jina. Jina la zamani lilifutwa kwa azimio, na jina jipya lipo, limeshachongwa kwa shaba, ila limefunikwa kitambaa pale uwanja wa taifa likisubiri kuzinduliwa. Mpaka siku hiyo, tukiulizwa mipakani tunatoka wapi, tunaonyesha kwa kidole.

*

Zamani kila mwenye cheo alizindua alichotaka. Diwani alikuja akazindua kisima. Mbunge akaona ametanguliwa, akakizindua upya. Waziri naye hakukubali kunywa maji yaliyozinduliwa na wadogo zake, akafika na matarumbeta kukizindua kwa mara ya tatu, na alipofungua koki maji yalikuwa yamekauka. Kule kaskazini wakuu wawili wa wilaya walishikana mashati juu ya mkasi, na utepe ukakatwa na mbuzi aliyekuwa akipita.

Ndipo Bunge, kwa hekima yake, likatunga Sheria ya Uzinduzi. Kuanzia siku hiyo nchi ingekuwa na Mgeni Rasmi mmoja tu, Mgeni Rasmi wa Taifa, na kitu chochote cha umma ambacho yeye hajakizindua kingehesabiwa kuwa hakipo. Na kitu kisichokuwepo, sheria iliongeza ili kuzuia uzushi, kisitazamwe wala kisitumiwe na mwananchi yeyote.

Tangu hapo mambo yamenyooka. Mto wetu una daraja zuri la zege, limefunikwa maturubai toka ng'ambo hadi ng'ambo. Watu huvuka majini chini yake, viatu mkononi, wakisifu kivuli. Hospitali ya wilaya imefungwa utepe mlangoni. Daktari yumo ndani, wagonjwa wako nje, na kila asubuhi husalimiana kwa adabu kubwa. Akitaka kumpima mtu, daktari humwomba akohoe kwa nguvu.

Sisi wananchi tumezoea. Kazi ya Mgeni Rasmi ni nzito, naye ni mmoja. Inasemekana hata nyumba yake aliyojengewa na serikali haijazinduliwa, kwa sababu itifaki haimruhusu mgeni kujikaribisha mwenyewe, kwa hiyo hulala garini. Mtu wa namna hiyo utamlaumu vipi?

*

Sasa nimtambulishe Tunu Kasanda, ambaye habari hii ni yake.

Tunu ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo madogo. Anatengeneza picha kwa vigae vya vyombo vilivyovunjika. Hukata kigae kwa koleo, hukipima kwa jicho, hukibandika kwenye saruji mbichi ukutani, kisha hurudi nyuma kukitazama na kuinamisha kichwa, kama mama anayeonja mchuzi. Kisipomridhisha hukibandua, na hapo ndipo hujikata.

Alianza utotoni. Alivunja bakuli la mama yake, Bi Nyamizi, muuza vitumbua wa soko letu. Mama mwingine angeshika mwiko. Bi Nyamizi alimpa tope na vile vipande, akamwambia alirudishe bakuli lilivyokuwa. Mtoto alihangaika nalo, bakuli likakataa kabisa kuwa bakuli, na jioni likawa kuku. Bi Nyamizi alimtazama yule kuku kwa muda, akasema, "Haya, sasa mtafutie na vifaranga." Kesho yake akavunja sahani kwa makusudi.

Tunu alipokua na kutangaza kwamba hiyo ndiyo kazi yake, ukoo uliitisha kikao. Baba yake mdogo alisema anayependa vigae akaezeke nyumba, huko kuna wateja. Shangazi aliuliza kama kazi hiyo ina likizo, akaambiwa haina. Akauliza kama ina mwisho wa mwezi, akaambiwa upo ila hauji na kitu. Mwingine alitaka kujua ni mwanamume gani atakayeoa mke anayefurahi vyombo vikivunjika. Bi Nyamizi aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akawapakulia vitumbua, wakala, wakasahau walichojia.

Akaendelea kumlisha binti yake kwa vitumbua hivyo mwaka hadi mwaka, na hakuwahi kumuuliza kuku ataanza kutaga lini.

*

Sokoni kwetu kuna ukuta mrefu mweupe, upande wa wauza nazi. Tunu aliuomba, akapewa, kwa kuwa haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kukojolewa. Akapita mtaa kwa mtaa akiomba vyombo vilivyovunjika.

Lazima nieleze kidogo desturi yetu. Chombo kikivunjika ndani ya nyumba, watu wa mji wetu hawagombi. Husema kimeondoka na shari. Ilikuwa imfike mtu, imeishia kwenye kikombe. Kwa hiyo vipande havitupwi jalalani ovyo, hufungwa kwenye kitambaa na kufukiwa nyuma ya nyumba, kwa shukrani. Tunu alipobisha hodi watu walifukua. Walimletea sahani ya arusi iliyorushwa ikamkosa mtu, kikombe cha mtoto aliyepona surua, birika la babu aliyerudi vitani. Kila mmoja alikabidhi na maelezo yake, na Tunu aliyasikiliza yote hata kama kigae chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha.

Mimi nilipeleka kisosi. Kilikuwa cha marehemu mke wangu, Mwatumu, cheupe chenye mstari wa dhahabu ukingoni. Hakupata kunywa chai kwenye kikombe maisha yake yote. Aliimimina kwenye kisosi, akaipuliza, akainywa kwa sauti. Kilimponyoka wiki aliyoanza kuumwa, na mara hiyo shari haikutosheka na kisosi. Nilimkabidhi Tunu bila maelezo, naye hakuniuliza.

Alifanya kazi nyuma ya pazia la magunia, kwa sababu ana mwiko mmoja: hapendi mtu aone kazi mbichi. Mama yake ndiye aliyezuiwa kuliko wote. Bi Nyamizi aliuza vitumbua hatua chache kutoka pale, akisikia koleo likilia mchana kutwa, na hakuchungulia. Aliniambia anaweza kungoja, ila macho yake ndiyo yalikuwa hayana subira. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimpima kutoka ng'ambo ya utepe, akamtangazia kwa sauti kwamba kuona kwake kunakwisha taratibu na hakurudi, kwa hiyo kama kuna kitu anataka kukiona, akione mapema.

Bi Nyamizi alikuwa na kimoja tu.

*

Tunu alimaliza jioni moja ya Alhamisi. Alibandika kigae cha mwisho, kipande cha bakuli kubwa la mama yake lenye maua ya bluu, akaondoa magunia, akakaa chini kuutazama ukuta peke yake. Angeweza kumwita mama yake saa ileile. Lakini saruji ilikuwa bado mbichi, na mwiko ni mwiko, akasema atamleta asubuhi, amemvalisha kanga mpya.

Asubuhi Idara ya Uzinduzi ilimtangulia. Mkurugenzi wake wa wilaya, Bwana Kilongola, ni mtu mwema, mnene, mwenye machozi ya karibu. Alikuwa ameshafika na mgambo na turubai la kijani, lile linalotumika kuanikia mpunga wa ghala la serikali, wakalitundika ukutani juu hadi chini na kufunga utepe mwekundu mbele yake. Wakalifunga huku wamefumba macho, kwa kutii sheria, na mgambo mmoja akaanguka kutoka kwenye ngazi. Bi Nyamizi alifika ameshikwa mkono na binti yake, akakuta kijani.

Bwana Kilongola alitoa hotuba fupi, ya chini ya saa moja. "Serikali hii inawapenda wasanii," alisema. "Msanii ni kioo, msanii ni taa, msanii ni mhimili ambao hatujaamua bado ni wa ngapi. Na kazi ya sanaa ni bibi arusi. Bibi arusi haonwi na kila mpita njia, hufunuliwa shela na mwenye mamlaka. Tunu binti yetu, umetuzalia bibi arusi. Tunakupongeza, na tunamfunika."

Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe niliyaongoza.

*

Tunu alikwenda ofisini kuuliza Mgeni Rasmi atafika lini. Akaelezwa kwa upole kwamba kuna utaratibu. Mgeni Rasmi huanza na madaraja, kisha visima, kisha zahanati, kisha vyoo vya shule, na sanaa huja baada ya vyoo, kwa kuwa msanii anaweza kujizuia.

Akaomba basi mama yake aruhusiwe kuona kidogo tu, turubai liinuliwe pembe moja, kabla macho hayajazimika. Bwana Kilongola alilia. Nilikuwepo, niliyaona machozi, hayakuwa ya kuigiza. Lakini alimweleza kwamba kwa mujibu wa sheria nyuma ya turubai hakuna kitu. Mama akiona kitu mahali pasipo na kitu itabidi ihesabiwe kwamba amechanganyikiwa, na yeye kama rafiki wa familia asingependa Bi Nyamizi afikwe na hilo uzeeni.

Basi tukaanza kungoja. Kila siku ya gulio Idara ilituma habari kwamba huenda Mgeni Rasmi akapita, viti vikapangwa, ngoma ikaitwa, na mimi nikasimama chini ya mwavuli wangu kutangaza kwamba yuko njiani. Watoto wa shule walitungiwa wimbo wa kulisifu turubai, kwa kuwa hakukuwa na kingine kilichoruhusiwa kuonekana. Msomi mmoja alikuja kutoka mji mkuu, akalitazama turubai mpaka likamtoa jasho, akaandika makala ndefu kuhusu ujasiri wa Tunu wa kukataa umbo. Tunu aliisoma akauliza kama kuna anayejua anakoishi yule msomi. Watu walianza kupiga picha za arusi mbele ya turubai. Wageni walipouliza msanii ni nani tulimwonyesha Tunu, nao wakamshika mkono na kumwambia wanapenda sana rangi yake ya kijani.

Bi Nyamizi alikaa mstari wa mbele kila gulio, na ile kanga mpya, ambayo ilikuwa inachakaa. Mwanzoni aliniambia turubai lina kiraka pembeni. Baadaye kiraka hakukitaja tena. Kuna siku jua lilikuwa kali, mchana kweupe, nikamsikia akimwambia binti yake, "Tunu, mbona leo wameweka jeusi?"

Tunu alitazama turubai. Lilikuwa la kijani kama jana na juzi.

"Wamelibadilisha, mama," akasema.

Nilitangaza kwamba Mgeni Rasmi yuko njiani, kwa sababu sikujua la kufanya, na hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa.

*

Gulio lililofuata Bi Nyamizi hakukaa kwenye kiti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye utepe, fimbo mkononi, akainama apite chini yake. Mgambo akamzuia, akimkumbusha kwamba sheria inakataza kutazama. Bi Nyamizi akamuuliza, kwa macho gani?

Akaitwa Bwana Kilongola, naye akapiga simu mkoani, mkoa wakapiga wizarani, na sisi tukala vitumbua tukingoja. Jibu lilirudi na lilikuwa la kisheria kabisa. Sheria inakataza kutazama na kutumia. Kipofu hatazami. Na kupapasa si kutumia, kwa kuwa mpapasaji hapati faida yoyote. Kwa hiyo Bi Nyamizi, na kipofu mwingine yeyote mwenye uthibitisho wa daktari, aruhusiwe kupita.

Tunu akaomba aingie naye, afungwe kitambaa usoni. Ombi likakataliwa. Macho yaliyofungwa, alisema Bwana Kilongola, ni macho yaliyopo.

Basi mama aliinuliwa pindo la turubai akaingia, na mwenye kazi akabaki nje. Tuliona umbo lake likitembea nyuma ya kijani, polepole, likiinuka na kuinama. Wauza nazi waliacha kugonga nazi. Tunu alisimama karibu kabisa na utepe akimwelekeza kutoka kichwani mwake, kwamba ashuke kidogo, aende kushoto, asiogope kona.

"Hili bakuli langu," sauti ikatoka ndani.

"Ndilo, mama."

"Na hiki kikaango. Tunu, nani kaweka kikaango hapa?"

"Endelea juu."

Lile umbo likapanda juu taratibu, likasimama. Lilisimama muda mrefu sana. Nadhani sote tulifahamu wakati mmoja, soko zima, picha ile ni ya nani. Bi Nyamizi alipotoka alikuwa na vumbi la saruji kwenye shavu moja, upande aliouegemeza ukutani.

"Umeninenepesha," akamwambia binti yake.

Tunu alicheka na kulia, vyote, ameshika utepe wa serikali kwa mikono miwili.

Sasa ndiyo ile mara moja niliyoahidi. Nilitaka kumwuliza Bi Nyamizi kimya kimya, nimnong'oneze tu, kama huko ndani amekutana na kigae cheupe chenye mstari wa dhahabu. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi na sikuwa nimekizima, kwa hiyo soko zima lilisikia. Bi Nyamizi akageuka akarudi chini ya turubai, tukaliona umbo lake likitafuta. Alipotoka akagusa sikio lake la kulia. "Kiko hapa," akasema. "Amenitengenezea hereni."

Nilijaribu kuwaambia wananchi kwamba Mgeni Rasmi yuko njiani, na sauti haikutoka.

*

Zilikuwa wiki nzuri zile. Watu walijipanga kumwagiza Bi Nyamizi. Mmoja alitaka kujua birika la babu liko wapi, akaambiwa limekuwa mgongo wa punda. Mama wa yule mtoto wa surua aliambiwa kikombe chake kimekuwa mvuke unaopanda kutoka kwenye kikaango, wakafurahi yeye na mtoto, ambaye sasa ana ndevu. Wale wa sahani ya arusi waliambiwa vipande vyao vimewekwa mbalimbali, kimoja huku na kingine kule, wakasema msanii ana busara. Watu wote wanaoona walikuwa wanangoja kuelezwa na asiyeona, na hakuna aliyelishangaa jambo hilo, maana ndivyo nchi yetu inavyoendeshwa siku zote.

Hata Tunu alikuwa anauliza. Alinieleza kwamba ameanza kuisahau kazi yake mwenyewe. Alikuwa hakumbuki tena kama mkono wa kushoto aliumaliza kwa kahawia au kwa nyeupe. Mama yake hakuweza kumsaidia kwenye rangi. Alimwambia tu kwamba mkono uko mzima na una joto upande wa magharibi, ambako jua hupiga turubai.

*

Kisha Mgeni Rasmi akaja. Nililitangaza jambo hilo kwa sauti ileile ya siku zote na hakuna aliyeniamini, mpaka gari lilipoonekana.

Ni mzee sana. Waliomshusha walimshika kwapani. Suti yake ilikuwa imejikunja kwa kulala garini, na kwenye mfuko wa koti ulining'inia mkasi wa dhahabu uliofungwa kwa mnyororo asiupoteze. Alikuwa ametoka kuzindua na alikuwa anakwenda kuzindua. Aliuliza hapa ni wapi akaambiwa, akauliza hiki ni nini, na Bwana Kilongola, akitetemeka kwa furaha, akasema, "Kazi ya sanaa, Mheshimiwa."

Mgeni Rasmi alilitazama turubai. Alilitazama kwa umakini ambao sijauona kwa kiongozi mwingine yeyote.

"Nimezindua mengi," alisema hatimaye. "Madaraja yanafanana, vyoo vinafanana. Lakini hii imenigusa. Kijani hiki ni kilimo. Mikunjo hii ni milima yetu. Na kile kiraka pale ni umoja wetu, uliopasuka ukashonwa. Msanii huyu anaipenda nchi yake." Akakata utepe. "Naizindua rasmi."

Matarumbeta yakalia. Watoto wakaimba wimbo wao, nao uliendana na hotuba neno kwa neno.

Tunu akapita katikati ya walinzi kabla hawajajua la kufanya. Akapiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mtu wa umri ule, na kusema, "Shikamoo babu. Picha iko nyuma ya turubai."

Bwana Kilongola aligeuka rangi ya majivu. Mgeni Rasmi alimtazama Tunu, kisha turubai, kisha mkasi wake, na kwa kitambo kidogo nilidhani ameelewa. Naamini hata sasa kwamba alielewa. Lakini Mgeni Rasmi wa Taifa hakosei, imeandikwa, na alichokwisha kuzindua hakizinduliwi tena. Akampigapiga begani.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Msanii asiwe na tamaa. Kazi moja inatosha."

Wakamrudisha garini akalala.

*

Mambo mengine yalikwenda haraka, na yote yalikuwa mema. Turubai lilitangazwa kuwa Kazi ya Sanaa ya Taifa. Kazi ya taifa haiguswi, haikunjwi, wala haiinuliwi pindo na mtu yeyote, awe anaona au haoni, kwa hiyo ruhusa ya vipofu ilifutwa. Bwana Kilongola alikuja mwenyewe kumweleza Bi Nyamizi, akalia sana, ikabidi Bi Nyamizi ambembeleze. Na kwa kuwa kazi ya thamani namna ile haiwezi kuachwa ipigwe na jua na mvua, serikali ilileta turubai lingine, la kahawia, wakalifunika lile la kijani. Hili la kahawia linasubiri kuzinduliwa.

Tunu amepewa cheo cha Msanii wa Taifa. Husafirishwa wilaya kwa wilaya kusimamia utundikaji wa maturubai, maana kila wilaya inataka lake. Baba yake mdogo sasa anamtaja kila penye msiba na arusi. Watu nao wamebadilika. Chombo kikivunjika siku hizi hawamletei vigae. Humletea vipande vya maturubai yaliyochakaa, wamevikunja vizuri, na kumwambia hivi labda vitamfaa. Tunu huvipokea na kushukuru, kwa sababu alilelewa vizuri. Koleo lake nimeliona dirishani, limeshika kutu.

Nilimuuliza siku moja, kipaza sauti nimekizima, nikahakikisha mara mbili, kama hajutii kwamba hakuezeka nyumba.

"Niliyemtengenezea ameiona, kaka," alisema. "Umeninenepesha. Ulimsikia."

Kisha akaniambia kwamba bado hakumbuki ule mkono ni wa kahawia au mweupe, na kwamba hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Gulio bado liko palepale. Viti hupangwa, ngoma huitwa, na Bi Nyamizi hukaa mstari wa mbele ameelekeza uso kwenye ukuta. Kabla sijapanda jukwaani hupita kwake kwanza nikamwamkia, na kila mara nina swali moja.

"Kipo, mama?"

Huinua mkono akagusa sikio lake la kulia.

"Kipo," husema.

Basi hupanda jukwaani nikashika kipaza sauti, nikawatangazia wananchi kwamba Mgeni Rasmi yuko njiani.